Kaka Anapotumia Unga: Mwongozo kwa Ndugu Waliobaki Nyumbani

Nyumba ikiwa na kijana anayetumia unga (heroini), macho yote humwelekea yeye. Mama humfikiria akiamka na akilala, baba hununa, ami hupiga simu kuuliza "kapatikana?", majirani hunong'ona. Dada yake aliye kidato cha tatu na mdogo wake wa miaka tisa hawaulizwi kitu, maana "wao hawana tatizo". Mwongozo huu ni wao. Ni wa kaka na dada wakubwa pia, wale wenye nyumba zao sasa lakini bado hushtuka simu ya mama ikilia usiku.

Tunasema kaka kwa sababu wengi wa watumiaji wanaoonekana Unguja na Pemba ni wanaume. Akiwa dada mambo ni yale yale, ila yeye hufichwa zaidi na hufikishwa kliniki akiwa amechelewa zaidi.

Ndugu wa mtumiaji hubebeshwa kazi tatu bila ya mtu kumteua. Ya kwanza ni ulinzi: kusikiliza mlango, kuhesabu vitu, kujua nani kaingia uani. Ya pili ni uhazini: kuficha pesa za mama, kulipa deni la dukani, kukomboa simu iliyowekwa rehani. Ya tatu ni kutunza siri: baba asijue, jirani asijue, skuli wasijue, wachumba wasijue. Aghalabu zote tatu humwangukia binti mkubwa, au yeyote aliye mwepesi kusema "haya". Akikaa nazo miaka minne au mitano, mwili wake huzoea hali ya hatari hata siku ambazo hakuna hatari. Kiwewe cha namna hii huanza hivyo, kidogo kidogo, na mara nyingi hakuna tukio moja kubwa la kulinyooshea kidole.

Tutafuata mpangilio huu kwa makusudi: kwanza usalama wa nyumba, kisha pesa, kisha maneno, mwisho ndiyo yaliyofukiwa. Wengi huanza na la mwisho kwa kuwa ndilo linalouma, wakakwama. Huwezi kuchimbua ya miaka kumi nyuma huku usiku wa leo unasikiliza kitasa.

Usalama wa nyumba

Anza na chumba cha kulala cha wadogo. Kipate komeo la ndani linalofungwa na kufunguliwa na mtoto mwenyewe. Kufuli la nje halifai, maana moto ukizuka watoto watakuwa wamefungiwa. Kisha toa ndani ya nyumba vitu visivyorudi vikishauzwa: dhahabu ya mama, hati ya nyumba au kiwanja, vyeti vya skuli na vya kuzaliwa. Dhahabu ipelekwe benki au kwa jamaa anayejua kukataa. Shangazi mwenye huruma sana hafai kazi hii. Vyeti vipigwe picha vyote, nakala zihifadhiwe kwenye simu mbili tofauti.

Vinavyotoka kwanza nyumbani ni vile vyenye mnunuzi wa haraka: mtungi wa gesi, pampu ya maji, nyaya za shaba, masufuria mazito, simu iliyokuwa kwenye chaji. Mtungi na pampu vifungwe mnyororo. Simu zichajiwe chumbani mnakolala, si ukumbini. Namba ya siri ya pesa za simu ya mama ibadilishwe, na asiambiwe mtu yeyote, hata yule mtoto mtiifu anayemsaidia kutuma. Huyo ndiye atakayebanwa siku ya arosto, yaani mateso ya kukosa unga.

Kama anajidunga, ipo siku itaonekana sindano chooni, chini ya godoro au kwenye mfuko wa suruali. Mtoto asiiguse. Mkubwa aichukue kwa koleo au kwa mkono uliovikwa mfuko mzito, bila kujaribu kurudisha kifuniko chake, aitie ndani ya chupa ngumu ya plastiki yenye kizibo, kisha chupa ipelekwe kituo cha afya. Aliyechomwa aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, asikamue wala asitie spiriti, aende hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kukinga virusi vya UKIMWI lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Humezwa kwa siku 28. Ulizeni pia kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B. Sahani, vikombe, shuka na choo havina neno. Wembe na mswaki ndivyo visichangiwe.

Akizidiwa

Kila aliyefika miaka kumi na mbili katika nyumba hiyo ajue hatua hizi. Kumfundisha mtoto jambo la kifo kunatisha, lakini mtoto aliyemkuta kaka yake amelala kimya asijue la kufanya hubaki na swali hilo maisha yake yote.

Dalili za kuzidiwa na unga ni pumzi chache sana au mkoromo wa ajabu kama maji yanayochemka kooni, midomo na kucha kugeuka rangi ya buluu au majivu, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, na kutoitika. Fanyeni hivi:

1. Mwite kwa sauti, kisha msugue kwa nguvu katikati ya kifua kwa vifundo vya ngumi. Akifumbua macho na kujibu, kaeni naye asilale peke yake.
2. Asipoitika, mmoja atafute gari mara moja huku mwengine anabaki naye. Msingojee baba arudi.
3. Mlaze chali, inua kidevu ili kichwa kirudi nyuma, toa kilichomo mdomoni. Bana pua, mpulizie pumzi moja kila baada ya sekunde tano, ukiangalia kifua kinainuka. Moyo ukiwa haupigi, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka.
4. Akianza kupumua mwenyewe, mgeuze alale ubavu, goti la juu limekunjwa, ili akitapika asipaliwe.

Maziwa, maji ya chumvi, kumwagiwa ndoo ya maji baridi, makofi na kutembezwa uani havisaidii, na vingine huua, maana kinywaji huingia kwenye mapafu. Hospitali ina dawa iitwayo naloksoni inayozuia kazi ya unga mwilini. Hufanya kazi kwa dakika 30 mpaka 90 hivi, na unga unaweza kudumu kuliko dawa. Kwa hiyo aliyezinduka asirudishwe nyumbani papo hapo kwa sababu tu anatembea na anatukana.

Hatari kubwa kabisa haipo siku anapotumia kila siku. Ipo wiki za kwanza baada ya kuacha: ametoka soba (nyumba ya kuachia unga), ametoka Chuo cha Mafunzo (gerezani), au amefungiwa shamba kwa wajomba mwezi mzima. Mwili umeshasahau ule uzoefu, naye akirudia kipimo chake cha zamani humzidi. Hatari nyengine ni kuchanganya unga na pombe au vidonge vya Valium. Yajueni haya kabla ya kumpokea kwa furaha na kumpa pesa ya "kuanzia maisha".

Pesa

Kanuni inayofanya kazi ni fupi: mpe kitu, usimpe pesa. Akiwa na njaa, mpakulie. Akiumwa, mpeleke mwenyewe na ulipe dirishani. Akitaka nauli ya kwenda kliniki, panda naye. Kanuni hii huvunjika mahali pamoja tu: kwa mama. Mama atatoa elfu mbili kwa siri kwa sababu hawezi kumtazama mwanawe akitetemeka, na kumlaumu hakusaidii. Kinachosaidia ni kumpunguzia pesa za mkononi. Matumizi ya nyumba yalipwe moja kwa moja na mtoto mwengine, yeye abaki na kiasi ambacho hata kikitoka chote hakiiangushi nyumba.

Duka la mtaani lenye daftari la mkopo lahitaji ziara ya heshima. Mzee au kaka mkubwa aende, amwambie mwenye duka: kuanzia leo hakuna anayekopa kwa jina letu isipokuwa fulani na fulani. Hakuna haja ya kueleza zaidi, mwenye duka anajua.

Akija mtu mlangoni kudai deni la unga, asilipwe na mtoto, wala asilipwe kwa siri. Mkilipa mara moja mmekuwa wadhamini, na mwezi ujao atakuja na deni kubwa zaidi. Akitisha, neno lipelekwe kwa sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa) na polisi siku hiyo hiyo, likipelekwa na watu wawili wazima.

Nyumba ya urithi ni jambo la kushughulikiwa mapema. Mara nyingi baba hufariki, fungu la kijana huuzwa kwa bei ya kutupa, na ndugu hugundua mnunuzi akija na fundi. Mirathi isiachwe ikining'inia. Ifikisheni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kila mrithi ajulikane na fungu lake liandikwe. Wazee watakaosema mnamdhulumu wasomeeni Sura An-Nisaa, aya ya 5, inayokataza kuwakabidhi mali wasioweza kuisimamia na papo hapo inaamuru walishwe, wavishwe na waambiwe maneno mazuri. Yote mawili yamo katika aya moja, na familia nyingi hushika nusu.

Siri, na nani aambiwe

Kusitiri aibu ya nyumba ni adabu ya Visiwani na hatuna ugomvi nayo. Ila sitara ni ya kumlinda mtu asidhalilishwe hadharani. Haikuwekwa ili mtoto aliyepigwa au kuibiwa anyamaze. Chagueni watu watatu wa kuambiwa kwa ukamilifu: mmoja wa ukoo, mmoja wa nje anayehusika (mwalimu mshauri wa skuli ya mtoto anafaa sana, maana alama huanza kushuka kabla ya yote), na mmoja wa afya. Wengine wote wapewe jibu moja mlilokubaliana: "Anaumwa, tunamshughulikia, tuombeeni dua." Jibu moja likiwa tayari, binti hahitaji tena kutunga uongo mpya kila akiulizwa barabarani.

Posa ni mahali siri hii huuma zaidi. Familia huficha mpaka baada ya ndoa, mume akagundua siku kijana alipokuja kuomba pesa dukani kwake. Rai yetu: aambiwe mposaji mwenyewe, na walii au mjomba, kabla ya mahari kupokelewa, kwa sentensi mbili bila kuomba radhi. Posa itakayovunjika kwa neno hilo ingevunjika baadaye kwa gharama kubwa zaidi, na binti angekaa ndani ya ndoa akiendelea na ulinzi ule ule.

Kuna suala la "kafanyiwa", kwamba ni husda au jini. Dua, kombe na kisomo havimzuii mtu kwenda kliniki, vifanyike sambamba. Ubaya huja pale mganga anapodai apewe miezi mitatu bila ya hospitali, au anapomtaja jirani au mke wa baba kuwa ndiye chanzo. Hapo wadogo hupata kitu cha pili cha kuogopa.

Wadogo waambiwe nini

Watoto wanajua. Wasipoambiwa hujijazia wenyewe, na mara nyingi hujijazia kwamba kosa ni lao: walimwudhi kaka, walimsemea kwa baba. Mtoto wa miaka sita mpaka tisa atosheke na haya: "Kaka yako ana maradhi ya kutumia dawa mbaya. Hukuyasababisha wewe, na si kazi yako kuyaponya. Akiwa mkali au akilala asiitike, njoo kwangu au nenda kwa bi fulani nyumba ya pili." Kisha mpeleke kweli nyumba ya pili mkajaribu njia, mchana.

Wa miaka kumi na kuendelea hutaka kujua kama naye atakuwa hivyo. Mjibu bila kumficha: kuwa na ndugu anayetumia kunaongeza uwezekano, hakumlazimishi mtu. Mpe jina la kitu chenyewe, na umwambie wazi kwamba sigara au msokoto atakaopewa kijiweni unaweza kuwa umechanganywa na unga. Usimfanye mpelelezi wako. "Kaingia saa ngapi? Alikuwa na nani?" ni maswali ya wakubwa.

Mtoto aliyeguswa kimwili au kutishwa, na kaka huyo au na wenzake wanaoingia nyumbani, apelekwe Kituo cha Mkono kwa Mkono. Vipo katika hospitali, zikiwemo Mnazi Mmoja kwa Unguja na Chake Chake kwa Pemba, na huko hupata daktari, ushauri na polisi mahali pamoja. Asiogeshwe wala nguo zisifuliwe kabla, na ile hesabu ya saa 72 inahusika hapa pia. Namba 116 ya simu kwa watoto haitozi pesa.

Kuzungumza naye

Kikao cha ukoo, wajomba sita ukumbini na kijana katikati, ndicho kinachofanywa zaidi, na matunda yake ni haba. Mwaka 1999 nchini Marekani familia za walevi waliokataa matibabu zililinganishwa kwa njia tatu. Waliofundishwa kuzungumza kwa upole, kutuza siku njema na kujitoa siku mbaya waliwafikisha wagonjwa wao kwenye matibabu kwa asilimia 64. Waliotumia kikao cha kumkabili walipata asilimia 30, na waliokwenda kwenye vikundi vya faraja tu, asilimia 13. Ile ilikuwa pombe na kwao, lakini njia yenyewe huhamia vizuri.

Wawe watu wawili, wasizidi watatu. Wasiwe wale waliompiga. Wakati uwe asubuhi, akiwa hayumo kwenye arosto wala hasinzii. Kila msemaji aseme lililompata yeye, siyo tabia ya kijana, na amalizie kwa ombi moja lililo tayari kutekelezwa. Mfano wa maneno ya mdogo wake:

"Kaka, juzi nilipokuta dirisha limevunjwa sikulala mpaka adhana ya alfajiri. Nakupenda, na pesa sikupi. Ukitaka kliniki, kesho saa mbili nitakuwa barazani nakungoja, twende pamoja."

Akikataa, mazungumzo yaishe pale pale. Usiongeze. Kesho uwe barazani saa mbili kweli, hata kama unajua hatokei, na wiki ijayo umwambie maneno yale yale. Kinachoharibu ni kitisho kisichotekelezwa: kumwambia "ukiiba tena utalala nje" kisha kumfungulia saa sita usiku. Msitoe sharti ambalo mama hataweza kulishika.

Kumfunga kamba au mnyororo "mpaka aache" kunamdhuru aliyefungwa na kunawadhuru waliofunga. Mdogo aliyeamriwa ashike miguu huku kaka akilia jina lake atakuja kuyasikia makelele hayo ukubwani. Mkubwa yeyote aliyewahi kumtumia mtoto kwa kazi hiyo amwambie wazi kwamba ilikuwa makosa ya wakubwa.

Njia za matibabu, kwa ufupi

Arosto ya unga huanza saa chache baada ya kipimo cha mwisho, kwa kawaida kati ya 6 na 24. Hupanda sana siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua katika wiki moja hivi. Inatesa, lakini kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra kuua, isipokuwa kwa kupungukiwa maji. Mpeni maji ya chumvichumvi ya pakiti, au lita moja ya maji safi yenye vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Aliyezoea pombe au Valium asiachishwe nyumbani kabisa, maana kuacha ghafla huleta degedege na kifo.

Dawa ya methadoni, inayotolewa badala ya unga, ilianza kutolewa Zanzibar mwaka 2015, Hospitali ya Kidongo Chekundu. Ni ya maji, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na safari yake ni ya miezi mingi, mara nyingi miaka. Msimharakishe kuiacha kwa kuwa "ni unga mwengine". Anayeitumia vizuri analala, anakula, anafanya kazi. Akikosa siku tatu mfululizo asiendelee na kipimo cha zamani bila ya kupimwa upya. Kabla ya Ramadhani kuandama, ulizeni kliniki utaratibu wa saa. Familia ya Pemba iulize kwanza hospitali ya wilaya huduma ya karibu iko wapi, na ipange mgonjwa atalala kwa nani kabla ya kupanda boti pale Mkoani. Dawa ya kila siku haiendi na safari za kubahatisha.

Soba ni njia nyengine, na zinatofautiana sana. Kabla ya kulipa, ulizeni: nani anayesimamia arosto, na yupo muuguzi? Watu hupigwa au kufungwa? Anayetumia methadoni au dawa za VVU anaruhusiwa kuendelea? Ndugu huruhusiwa kumwona lini? Akitoka anapokelewa na nani? Mwenye nyumba anayekasirika kwa maswali haya ameshawajibu.

Yaliyofukiwa

Sasa turudi kwa ndugu. Mara nyingi haya hutoka baada ya dhoruba kupita: kaka amepona, amehama, au amezikwa. Dada aliyekuwa imara miaka yote huanza kulia jikoni bila sababu, au kumfokea mwanawe kwa kikombe kilichovunjika.

Dalili tunazozijua ni hizi: kuamka saa ile ile ya usiku aliyokuwa akirudi kaka, kuhesabu pesa mara tatu, tumbo au kichwa kisichoonekana kwenye vipimo, kutokumbuka vipande vizima vya utoto, kushindwa kukataa ombi la mtu, kuwachagua wenza wa kuokolewa, kufa ganzi, asione furaha wala huzuni, na hatia, kwa sababu aliwahi kuomba kimoyomoyo kaka afe ili nyumba itulie. Hili la mwisho ndilo linalofichwa zaidi, na limewapata wengi mno. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1998 uliweka kuishi utotoni na mtumiaji wa ulevi au dawa za kulevya katika orodha ya madhara ya utoto, ukakuta kwamba kadiri madhara yanavyorundikana ndivyo maradhi ya ukubwani, ya mwili na ya akili, yanavyoongezeka.

Tena kuna huzuni isiyo na jina mtaani. Kaka yupo hai, anapita njiani, lakini yule mliyecheza naye hayupo. Ni msiba usiokuwa na tanga wala khitma: hakuna anayekuja kukaa nanyi, hakuna siku ya kuanua. Ipeni nafasi. Kumlilia mtu aliye hai si kumtakia mauti.

Namna ya kuanza peke yako. Wiki mbili za kwanza usiguse kumbukumbu yoyote, fundisha mwili kushuka. Mara mbili kwa siku, dakika tano, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita. Ukishtuka usiku, weka nyayo sakafuni na utaje kwa sauti vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia, kisha useme leo ni siku gani na mwaka gani. Ni jambo la kitoto kidogo, na linafanya kazi kwa sababu kiwewe hukurudisha mwaka ule, na tarehe inakutoa.

Kisha chukua daftari. Chora mstari, upande mmoja andika mambo ya kaka, upande wa pili yaliyokupata wewe wakati ule. Tarehe usizikumbuke kwa nguvu. Tumia alama: nilikuwa darasa la sita, ilikuwa Ramadhani ya mvua, kabla bibi hajafa. Wengi hukuta upande wa pili ni mtupu. Utupu huo nao ni jibu, ujaze pole pole. Andika dakika 15 mpaka 20, siku tatu au nne, mchana, usiandike kabla ya kulala. Ukitetemeka, ukahisi huna mwili, au picha ikakataa kuondoka, simama, rudi kwenye pumzi, na kipande hicho usikiguse tena bila mtaalamu. Daftari lisikae nyumba ya wazazi. Likisomwa na asiyehusika, limezaa jeraha jipya.

Hatua ya tatu ni kumwambia mtu mmoja. Mwombe kwanza: "Nataka nikuambie jambo, usinishauri, nisikilize tu." Ukianza na mama, jiandae kwa "usichimbue ya kale" au "na mimi je?" Mama naye ana lake lililofukiwa. Kwa sababu hiyo tunashauri uanze na ndugu mwengine wa tumbo moja. Mtashangaa mlivyoishi nyumba moja mkaona mambo mawili tofauti, na msibishane nani kakumbuka sawa.

Tukio likiwa jipya, jana au juzi, usimlazimishe mtu asimulie. Mpe chakula, usingizi, mtu wa kulala naye chumbani. Atasema akitaka.

Nenda kwa mtaalamu kama dalili zimezidi mwezi mmoja na zinaharibu kazi, masomo au ndoa, au umeanza kumeza vidonge ili ulale. Mawazo ya kujiua hayangojei mwezi: siku hiyo hiyo, na usiachwe peke yako. Kidongo Chekundu hutibu kila mwenye shida ya akili na huzuni, si "wendawazimu" pekee kama wasemavyo mitaani. Kwengineko, ulizia muuguzi wa afya ya akili hospitali ya wilaya. Ukifika anza na sentensi hii, maana foleni ni ndefu na muda ni mfupi: "Kaka yangu ametumia unga miaka kadhaa, na mimi silali." Usianze na maradhi ya kaka ukasahau yako. Hilo hutokea karibu kila mara.

Siku anayorudi

Akirudi kutoka soba au kliniki, ndugu hutakiwa wafurahi. Mwenye kufurahi afurahi, asiyeweza asilazimishwe kukumbatia. Funguo asipewe wiki ya kwanza, na aambiwe kabla, siyo mlangoni. Makomeo yabaki mpaka kila mtoto aseme mwenyewe yatolewe. Akiomba msamaha, anaweza kujibiwa "nimekusikia" na ikatosha kwa leo. Msamaha wa haraka mbele ya wazee, mikono ikishikanishwa na ami, ndio unaorudi kuwa hasira mwaka wa pili.

Mtu mmoja apewe kazi ya kusimamia zile hatua nne za kuzidiwa, na jina la dereva mwenye gari mtaani linalopatikana usiku libandikwe nyuma ya mlango wa jikoni. Mtu huyo asiwe yule binti mkubwa.